Sura ya Saba: Alichokikumbuka Nkashama

"Gari ya parquet, ya mwendesha mashitaka, inafika saa tisa," alisema Kamanda Kalaba bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Tunamupakiza ule kijana, tunafunga dossier, mambo inaisha."

Inspekta Joëlle Chishimba alibaki amesimama mlangoni. Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Mawingu yalikuwa yamejipanga juu ya Lubumbashi tangu alfajiri na mvua ilikuwa bado haijaamua kunyesha.

"Mon commandant, dossier haijaiva."

"Imeiva mpaka inanuka. Angalia." Kalaba akaanza kuhesabu kwa vidole. "Dimanche muchana, juzi. Liévin Ntumba eko mu nyumba yake, kule Katuba. Mudogo yake Dan anakuya, banagombana, jirani anasikia. Saa kumi na mbili ya mangaribi, nani njo anasema amekuta maiti? Dan. Damu iko wapi? Mu chemise ya Dan, mu shati yake. Unataka nini tena, photo?"

"Anasema alitoka saa nane na robo. Saa tisa alikuwa ku korali, mpaka saa kumi na moja."

"Na bantu makumi ine balimuona akiimba. Sikatae. Mais saa tisa mukubwa yake Liévin alikuwa ameisha kufa."

"Nani alisema?"

Kalaba akamtazama kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyesema, na wote wawili walijua hivyo. Daktari aliyeikagua maiti alikuwa ameandika kwamba kifo kilitokea kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Saa nane ilichaguliwa na polisi kwa sababu ndiyo saa ambayo jirani alisikia kelele. Karatasi ya daktari ilisema pia kwamba Liévin alipigwa mara moja tu, nyuma ya kichwa, kwa kitu kizito cha metali, na kwamba alikaa hai nusu saa au zaidi baada ya kupigwa. Joëlle alikuwa ameusoma mstari huo mara mbili na ulimkera mara zote mbili.

"Uko na mpaka saa tisa, Joëlle," alisema Kalaba. "Kisha sina neno."

Kwenye benchi la nje, mama yao Dan na Liévin alikuwa ameketi na sufuria ya chakula imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Sakania. Mtoto mmoja alikuwa mochwari, wa pili alikuwa nyuma ya ukuta ule akihema kwa pumu, na akishaingia gereza kuu, jalada lake lingeweza kulala mwaka mzima chini ya majalada ya wengine. Mama hakulia. Alimtazama tu Joëlle akipita, na Joëlle akaongeza mwendo.

*

Nyumba ya Liévin ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha mashine, kompyuta ya zamani. Liévin alifundisha hesabu asubuhi. Muda wake uliobaki wote aliutumia kujenga programu ya kucheza sataranji aliyoipa jina la Nkashama, yaani chui, kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya baba yake. Juu ya rundo la daftari palibaki alama ya vumbi yenye umbo la msalaba. Hapo ndipo lilipokuwa likikaa croix la shaba la zamani, urithi wa babu, ambalo sasa lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa vielelezo huko kituoni. Kando ya mashine palikuwa na ubao wa sataranji, vipande vimepangwa katikati ya mchezo.

Gaëlle Mwelwa, mwalimu mwenzake aliyemsaidia kuandika programu hiyo, aliingia akikwepa doa la sakafuni. Alibonyeza kitufe cha mashine. Kimya.

"Hakuna courant," alisema, kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

Ndivyo alivyoandika hata polisi wa kwanza kufika siku ile: hakuna courant. Akapita, maana Katuba hakuna mtu anayeuliza kwa nini umeme haupo. Hata Joëlle alikuwa amesoma maneno hayo Jumapili na kuyaruka. Sasa akasimama. Ng'ambo ya ua, redio ya jirani ilikuwa inaimba.

Akatoka hadi kwenye uzio. "Mama Kiki! Hapa kwenu courant iko?"

"Iko, mama! Tangu samedi haijakatika. Hata miye nashangaa. Dimanche yote nilikuwa napiga pasi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka niliposikia Dan analia."

Joëlle akarudi ndani na kufungua kisanduku cha umeme nyuma ya mlango. Swichi kubwa ilikuwa imeshushwa. Si umeme uliokwenda. Mtu aliufukuza kwa mkono.

"Gaëlle, mutu anaweza kushusha hii disjoncteur juu ya nini?"

Gaëlle aligeuka kuitazama mashine. "Juu ya kuua memory."

Wakapandisha swichi. Mashine ikaamka polepole, feni yake ikinguruma. Gaëlle alitafuta hapa na pale, akatikisa kichwa: orodha ya michezo yote iliyowahi kuulizwa ilikuwa imefutwa, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

"Niambie sawa vile ungemwambia mwanafunzi," alisema Joëlle, akavuta kiti. "Ni memory gani ule mutu alikuwa anaogopa?"

"Bon. Mu sataranji, njia za kufika pa fasi moja ya ubao iko mingi. Unasogeza farasi, kiisha askari. Ao askari kwanza, kiisha farasi. Unafika pale pale tu. Machine ya bupumbafu inahesabu ile fasi mara mia. Nkashama haifanye vile. Kila position inaipatia numero, kiisha inaandika mu table: hii numero, hatua bora njo hii, nilichimba mpaka hapa. Ikikutana nayo tena, haianze ku zero. Inaangalia table, inachukua ile hatua."

"Sawa mutoto mwenye anachunga cahier, daftari ya ma-exercices."

"Njo vile. Na cahier iko na kurasa za kuhesabika. Yenye ilichimbwa kidogo inafutwa, yenye ilichimbwa sana inabakia. Hii machine iko muzee, mama inspecteur. Position ya nguvu inaweza kuomba saa mbili. Mais ukiuliza ile ile mara ya pili, inajibu mara moja. Haiko tena na kazi ya kufikiri."

"Na ile table inakaa wapi?"

"Mu memory. Courant inakwenda, table inakufa. Kila muntu mwenye alikuwa anakuya hapa kucheza na Liévin alikuwa anayua ile. Alikuwa anatukana SNEL, ba-compagnie ya courant, kila siku juu ya ile." Gaëlle alitabasamu bila furaha. "Mais kuna kintu habakuyua. Tangu mwezi mbili, alichoka. Aliongeza kipande ya programme. Kila dakika kumi, Nkashama inakopia table yake mu disque. Alinionyesha mimi tu."

Joëlle akasogeza kiti karibu na kioo. "Fungua."

Nakala zilikuwa pale, zimepangwa kwa saa. Gaëlle aliingiza mpangilio uliokuwa kwenye ubao wa mezani, akaanza kufungua nakala za Jumapili moja baada ya nyingine, na Joëlle akaandika kwenye daftari lake. Nakala ya saa saba na dakika ishirini mchana: mpangilio upo, umeingizwa muda mfupi uliopita. Hatua bora: ngome kwenda katikati. Saa saba na nusu: ngome. Saa nane: ngome. Saa nane na nusu: ngome bado, mashine ikichimba.

"Simama," alisema Joëlle. Saa tisa kasoro dakika kumi, jibu lilikuwa limebadilika.

"Farasi anakula askari ya pembeni ya mufalme," Gaëlle alisoma, akapiga mluzi. "Anajitoa kafara. Muntu hawezi kuiona hii."

Kuanzia hapo jibu halikubadilika. Nakala ya mwisho ilikuwa ya saa kumi kasoro dakika kumi, na ilibeba alama moja ya ziada: mtu aliuliza mpangilio uleule upya saa tisa na dakika arobaini na sita. Mashine ilijibu kabla ya sekunde moja kuisha. Nakala ya saa kumi kamili haikuwepo.

Wote wawili wakageuka kutazama kisanduku nyuma ya mlango. Joëlle alikuwa na hasira sasa, hasira safi, maana saa tisa na dakika arobaini na sita Dan Ntumba alikuwa akiimba mbele ya watu arobaini.

Alipiga picha ubao na kumtumia Floribert, mwamuzi wa klabu ya sataranji. Simu ikalia papo hapo.

"Hii umeitoa wapi?" Floribert aliuliza. "Ni finale ya province! Désiré Kalonji wa klabu yetu alikuwa anacheza. Dimanche, saa sita na nusu, courant ikakatika huku kwetu, mawingu yamefunga, mu salle ya kuchezea hatuonani. Nikasimamisha ma-montres, zile saa za mchezo. Tukarudia saa kumi na moja na nusu."

"Na katikati bachezaji banakwenda wapi?"

"Kwabo. Kwingine muchezaji anaandika hatua yake yenye kufuata, banaifungia mu enveloppe. Siye hapa tunaaminiana. Muntu anaapa hatagusa machine, inaisha."

"Désiré alicheza nini aliporudi?"

"Farasi! Anakula askari ya pembeni ya mufalme. Salle yote ilisimama. Njo vile alikuwa champion." Sauti ya Floribert ikashuka. "Mama inspecteur, kuna kintu. Nilimupigia Liévin, saa tisa na dakika kumi. Nilimuelezea ile position, yeye anapenda mambo ya vile. Kiisha akasema: 'Ile position imekwisha kuingia mu nyumba yangu leo.' Akakata."

"Juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

*

Désiré Kalonji alifika kituoni saa saba na nusu, shati limepigwa pasi, mikono imetulia. Alikuwa muuza dawa, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, na wiki iliyofuata alitakiwa kupanda ndege kwenda Kinshasa kuongoza timu ya mkoa. Alimwamkia mama wa marehemu kwa mikono miwili alipopita kwenye benchi. Joëlle aliiona heshima hiyo kupitia dirisha.

Kalaba aliketi pembeni, mikono kifuani, kwa sura ya mtu anayepotezewa muda.

"Dimanche ulifika kwa Liévin?" Joëlle aliuliza.

"Hapana, mama inspecteur. Nilikuwa mu finale. Ilisimamishwa, nikaenda kupumuzika ku nyumba."

Joëlle aliweka picha ya ubao mezani. Désiré aliitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao wowote. Halafu akashusha mabega.

"Bon. Ni haya sana hii. Nilifika."

"Saa ngapi?"

"Saa saba ya muchana. Nilimwambia Liévin ni problème ya mu kitabu. Akaiingiza mu machine. Nilikosea, nakubali, comité ya klabu inaweza kuninyang'anya ile titre ya champion. Mais ku sataranji banaiba, habaue."

"Ukatoka?"

"Saa saba na nusu. Dan alikuwa anaingia, na kasirani yake. Nilikuwa ku barabara, bado nabasikia banagombana."

Kalaba akamtazama Joëlle kwa jicho la unaona sasa. Joëlle aliendelea kuandika.

"Ulifika saa saba, ukatoka saa saba na nusu. Ni mbio sana."

"Machine yake njo iko mbio. Liévin aliingiza position, ikajibu mara moja." Désiré alipiga vidole, tap. "Sikukuwa na kazi ya kukawia."

"Ilijibu nini?"

"Farasi. Anakula askari ya pembeni ya mufalme."

"Labda ulikuwa umeisha kuiona wewe mwenyewe, mbele ya kufika pale. Wewe ni champion."

"Mimi?" Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Mimi nilikuwa nawaza ngome. Ile farasi hakuna muntu wa kuiona. Machine njo ilinipatia."

"Saa saba na nusu."

"Mbele ya saa saba na nusu."

"Na haukurudia kwake tena?"

"Hapana. Nililala ku nyumba mpaka saa kumi na moja."

Joëlle alimsomea maneno yake yote, polepole, na Désiré akasaini chini ya ukurasa wa pili kwa mwandiko mzuri. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano. Ndipo Joëlle alipofungua daftari lake na kuligeuza ili alisome.

"Saa saba na nusu, Nkashama ilikuwa inasema ngome," alisema. "Saa nane, ngome. Saa nane na nusu, ngome. Farasi imezaliwa karibu ya saa tisa. Wewe umeipata wapi mbele haijazaliwa?"

Désiré alisoma mistari ile mara moja, akarudia.

"Hii ni uongo. Hii haiwezi kuwa. Table haibakie, courant ilikuwa imekatika."

"Imekatika wapi?"

Kalaba akashusha mikono kifuani.

"Katuba courant ilikuwako dimanche nzima," Joëlle alisema. "Mama Kiki alikuwa anapiga pasi. Nyumba moja tu ilikatika, na bantu benye banaiyua ile ni siye polisi, na mwenye alishusha disjoncteur. Ulisema machine ilijibu mara moja. Nakuamini. Mais ile siku ilijibu bila kufikiri safari moja tu: saa tisa na dakika arobaini na sita."

Nje, mvua ikaanza. Ilianguka yote kwa pamoja juu ya mabati, ikabidi Désiré ainamie meza ili asikike, na hivyo maneno yake yakatoka karibu sana na uso wa Joëlle.

"Nilirudia kuchukua jibu," alisema. "Alikuwa amezima kioo ya machine. Floribert alikuwa amemupigia. Liévin akaniambia: nakwenda kusema ku comité, na haiko hii tu, ni ma-match yote. Yote ilikuwa mu liste ya machine. Nilimulomba. Nilipiga magoti, mama inspecteur, ku Mungu vile. Akanipatia mugongo, anatafuta téléphone. Croix ilikuwa pale pa meza."

"Kiisha?"

"Kiisha nilikaa pa machine. Nikawasha kioo, nikaingiza position."

"Mbele ya kufuta, haukufuta kwanza?"

"Mbele ya kufuta. Nilikuwa sijapata jibu."

Joëlle alianza ukurasa wa tatu. Alijua swali linalofuata na hakutaka kuliuliza, lakini lilikuwa swali la kazi.

"Wakati machine inajibu, Liévin alikuwa wapi?"

"Chini. Karibu ya kiti."

"Alikuwa amekufa?"

Désiré alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia tena, na hilo ndilo lililomwogopesha Joëlle kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo.

"Alikuwa analomba maji."

"Ukafanya nini?"

"Match ilikuwa saa kumi na moja na nusu," alisema Désiré. "Nilikuwa na saa moja na nusu ya kufika kwetu, kubadilisha chemise na kurudia ku salle."

Kalaba aliinuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Alikaa hivyo mpaka Désiré alipomaliza kusaini.

*

Gari la parquet lilifika saa tisa kasoro dakika tano, maji yakiruka chini ya magurudumu. Kalaba mwenyewe ndiye aliyefuta jina kwenye karatasi ya kusafirisha na kuandika lingine. Désiré alipitishwa mbele ya benchi kwa pingu. Safari hii hakumwamkia mtu.

Dan alitolewa dakika kumi baadaye, akihema kwa shida, viatu havina kamba. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama anayetafuta kipande kilichopungua, kisha akafungua sufuria na kumwekea chakula mbele. Dan alikula akiwa amesimama. Joëlle alikuwa anapita kando yao, kurasa tatu mkononi, mama alipomshika mkono wa nguo.

"Mama inspecteur. Asante kwa huyu." Alivuta pumzi. "Na ule mwingine... alikufa mbio? Hakuteseka?"

Joëlle aligeuza zile kurasa tatu zitazame kifua chake.

"Mbio, mama," alisema Kalaba kutoka mlangoni. "Hakusikia kintu."

Mama aliinamisha kichwa, akashukuru, akamgeukia Dan. "Mumupatie maji," alimwambia polisi wa zamu. "Anakula bila maji, atapaliwa."

Polisi akaenda kuchota. Joëlle alirudi ofisini na kufunga mlango. Siku ya kesi, karani angesimama na kusoma maelezo yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na mama yule angekuwa ameketi mstari wa mbele. Aliuweka ukurasa wa tatu chini ya zile nyingine mbili, akazibana pamoja, akaandika namba ya jalada juu.